Kwa dada anayejiandaa kukimbia mita 800 au 1500 kwenye michezo ya vyuo vikuu duniani

Karibu kila msichana ninayemsaidia kujiandaa kwa michezo hii huanza na swali lilelile: nikimbie muda gani ili nifike fainali? Mdogo wangu, muda ndio uliokupatia nafasi kwenye timu. Ukishafika kule, kinachokuvusha zaidi ni nafasi unayomaliza, na nafasi hiyo utaitafuta katikati ya viwiko na misumari ya viatu vya wenzako. Kwa hiyo jifunze kukimbia ndani ya kundi, tena mapema, kabla hujapanda ndege.

Kwenye mashindano ya kusaka muda kunakuwa na sungura, yaani mkimbiaji anayewekwa mbele kuvuta kasi. Huku hakuna. Mchujo wa mita 1500 unaweza kuanza polepole hadi ukajiuliza kama wenzako wanaumwa, kisha kasi ikalipuka bila taarifa. Hata wakubwa hukimbia hivyo. Fainali ya mita 1500 ya wanawake, Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mzunguko wa kwanza ulichukua zaidi ya sekunde 75, lakini mita 800 za mwisho Faith Kipyegon wa Kenya alizikimbia chini ya dakika 2. Alishinda kwa 4:08.92, na Genzebe Dibaba wa Ethiopia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia, akawa wa pili. Mwenye muda bora kuliko wote hakupata dhahabu.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni hili. Mnakimbia mita 1000 kwa kundi, mmebanana kwa makusudi. Mita 600 za kwanza ni mwendo wa kawaida wa mbio. Baada ya hapo kocha anapuliza filimbi wakati anaotaka yeye, nanyi mnaondoka kwa nguvu zote hadi mwisho. Msijue filimbi italia lini. Miguu itazoea kubadili kasi ikiwa imechoka, na kichwa kitazoea kutoshtuka.

Kaa wapi ndani ya kundi? Mimi napenda nafasi ya pili au ya tatu, begani kwa anayeongoza, upande wa nje wa njia ya kwanza. Ukijibana kabisa kwenye ukingo wa ndani utafungiwa, na kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia utakuwa unatazama migongo. Ila ukizunguka njia ya pili muda wote, unaongeza karibu mita 7 kila mzunguko, na mbio hizi huamuliwa kwa chini ya hapo. Ukifungiwa, usisukume mtu, maana unaweza kuondolewa mashindanoni. Punguza nusu hatua, toka nje, upite kwenye sehemu iliyonyooka badala ya kwenye kona.

Mita 800 zina mtego wake. Kila mtu anabaki kwenye njia yake hadi mwisho wa kona ya kwanza, kisha njia zinafunguliwa. Wengi hukimbilia ndani papo hapo na kugongana. Usiwe na papara: una sehemu yote iliyonyooka ya kuingilia, kwa mstari wa mshazari, taratibu, hadi kona inayofuata.

Kwenye mchujo, usipunguze mwendo kabla ya mstari kwa kudhani umeshavuka. Na usishinde kwa mbwembwe pia, kwa kuwa mara nyingi nusu fainali na fainali bado zinakusubiri ndani ya siku chache. Ukimaliza, kimbia polepole kidogo, kula, kalale. Kukaa jukwaani juani mchana kutwa kushangilia wenzako ni upendo, lakini miguu italipa.

Kuna chumba cha kusubiria ambako mnakaguliwa kabla ya kuingia uwanjani. Simu hairuhusiwi, na soli ya kiatu isizidi milimita 20. Mnaweza kusubiri kiasi kwamba mwili uliopashwa moto unapoa, kwa hiyo vaa nguo nzito na usiache kuchezesha miguu.

Sasa la mwili, na hapa naomba unisikilize kweli. Hedhi ikikatika miezi kadhaa kwa sababu ya mazoezi, hiyo si dalili kwamba umeiva. Mara nyingi ni dalili kwamba unakula kidogo kuliko unavyotumia, na mifupa ndiyo itakayovunjika baadaye. Mwone daktari, na kocha akikwambia ni kawaida, mwone daktari vilevile. Pima pia akiba ya madini ya chuma miezi kadhaa kabla ya safari; usimeze vidonge kwa kubahatisha. Ukipata mafua kule, usichukue dawa ya mwenzako wa chumbani. Baadhi zina pseudoefedrini, ambayo ikizidi kiwango fulani siku ya mashindano inahesabiwa kuwa dawa iliyokatazwa. Muulize daktari wa timu kwanza.

Mitihani imalize kuizungumza na walimu wako kabla ya kuondoka.

Na ukiangushwa, inuka umalize, hata ukiwa wa mwisho kwa mbali. Waamuzi wanaweza kumpandisha hatua inayofuata mwanariadha aliyezuiwa, lakini kwa kawaida wanataka awe amemaliza mbio kwa juhudi. Ukivuka mstari mtafute kiongozi wa timu moja kwa moja, kwa sababu malalamiko hupokelewa ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe.