Njia ya mbao chini ya mparachichi: je, mizizi ikatwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu Tukuyu njia ya kutoka mlango wa nyuma kwenda jiko la nje inapita chini ya mparachichi wa kienyeji uliopandwa na marehemu baba. Mizizi imetokeza juu ya ardhi, na masika haya mama ameteleza mara mbili. Fundi anashauri tukate mizizi, tusawazishe udongo, kisha tupigilie mbao. Je, mti utasalimika?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ndugu msomaji, mpe mama pole zetu. Ushauri wa fundi ungefaa kama hapo pangekuwa na kisiki. Mizizi midogo ya mparachichi, ile inayofyonza maji na chakula, imesongamana katika sentimita 30 hivi za juu za udongo, na kila jeraha ni mlango wa vimelea vinavyoozesha mizizi, ambavyo hustawi katika udongo uliolowa kama wenu, unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kuifukia nako hakufai, kwani mizizi hupumua.

Inueni njia ipite juu ya mizizi kama daraja. Kabla ya kuchimba, chomeni ardhi taratibu kwa kipande cha nondo kila mahali mnapotaka kusimamisha nguzo: kikizama bila kugota, chimbeni, kikigota, sogezeni nguzo kidogo na kujaribu tena, hata kama nafasi kati ya nguzo hazitalingana. Fundi atalalamika kwamba kazi haijanyooka, mvumilieni. Boriti za mbili kwa nne zikilazwa kwa ubavu, nguzo zinaweza kuachana hadi mita 1.2. Karibu na shina msichimbe kabisa, bali boriti zikalie mawe bapa yaliyowekwa juu ya ardhi. Kati ya boriti na mzizi acheni upana wa vidole vinne, na kati ya mbao na shina sentimita 15 au zaidi, kwa sababu mti bado unanenepa na upepo huutikisa.

Mbao za paini kutoka Mufindi zinatosha, mradi zimetiwa dawa kiwandani. Kateni kipande kimoja mtazame: ukijani ukiishia juu juu tu, dawa ilipakwa kwa brashi, na mchwa hawatachelewa. Oili chafu, ambayo wengi wetu tumezoea kuipaka, msiitumie hapa, maana mvua itaishusha kwenye mizizi.

Kuhusu utelezi, acheni mwanya wa sentimita moja kati ya ubao na ubao ili maji yapite, kisha tandikeni wavu wa banda la kuku juu ya mbao na kuubana kwa misumari ya kupinda, ncha zote zikiwa zimekunjwa chini zisimchome mama. Mbao zikiota ukungu, mguu bado utapata pa kushika.

Vipande vitakavyobaki visiishie jikoni kama kuni, kwa kuwa moshi wa mbao zilizotiwa dawa una sumu.