Majani ya miti: ng'ombe apewe kiasi gani?

SWALI: Nina ng'ombe mmoja wa maziwa na ua wa kaliandra, miti ya malisho. Chakula cha dukani kimepanda bei. Nimpe majani kilo ngapi kwa siku, na je, niyakaushe kwanza? – Mfugaji, Embu

JIBU: Usiyakaushe. Kaliandra ina tanini nyingi, kemikali inayoshikamana na protini, na majani yakishanyauka ng'ombe hayameng'enyi vizuri. Protini unayoihangaikia huishia kwenye samadi. Kata, katakata pamoja na nyasi ya nepia, mlishe papo hapo.

Majaribio ya huko kwenu Embu yalionyesha kuwa kilo 3 za majani mabichi hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Kama humpa kilo 2 za dukani kwa siku, mpe kilo 6 za majani, ukianzia kilo moja mpaka azoee. Nyasi asipunguziwe. Majani haya ni ya protini. Nguvu anaipata kwenye nepia, na nepia ikipungua maziwa hayapandi hata umjazie hori kaliandra.

Wengi hukwama kwenye idadi ya miti. Kilo 6 kila siku, mwaka mzima, zinataka miti kama 500. Ukipanda kwa nafasi ya nusu mita, huo ni ua wa mita 250, na unaweza kuupitisha mpakani na juu ya matuta bila kugusa mahindi. Vuna mara ya kwanza miti ikiwa na miezi 9 hadi 12, na uache kisiki cha kufika kiunoni. Ukikata karibu na ardhi, machipukizi huwa hafifu na miti mingi hufa.

SWALI: Punda wetu ananyonyoka singa za shingo na mkia. Hula majani ya lukina, mti wa malisho ulio uani. Ndiyo sababu? – Msomaji, Kitui

JIBU: Huenda ikawa ndiyo. Lukina ina sumu iitwayo mimosini, nayo hunyonyoa punda na farasi. Mzuie leo, kwa kawaida singa huota tena. Ng'ombe na mbuzi huivumilia zaidi kwa kuwa vijidudu vya tumboni huivunja, lakini nao lukina isizidi theluthi ya mlo wao.

SWALI: Mbona unga wangu wa mlonge umekuwa kahawia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Bila shaka uliyaanika majani juani, na jua huharibu vitamini A pia. Yatandaze kivulini penye upepo, safu nyembamba, uyageuze mpaka yavunjike vidoleni, ndipo utwange. Kwenye uji, tia unga ukishaepua.