Sato mzima, ugali waachie watoto

Dada, umeuliza utakula nini Jumapili ukiwapeleka watoto kisiwani Saanane na wewe umepunguza wanga. Usihangaike, Mwanza hii ina samaki! Kabla ya kupanda boti beba mayai ya kuchemsha, parachichi na karanga, maana kukwea miamba ya kule kunaleta njaa ya ghafla. Mkirudi mjini agiza sato mzima wa kuchoma, ngozi imekauka mpaka inapasuka, na mchicha na kachumbari pembeni. Ugali na chipsi waachie wanao. Juisi ya embe ndiyo inayoponza wengi, ina sukari nyingi hata isipoongezwa. Kunywa maji. Ila kama unachoma insulini, zungumza kwanza na daktari wako kuhusu dozi, tafadhali.