Maswali na Majibu: Mkataba wa pango umejificha wapi?

Swali: Natunza karatasi za duka la vifaa vya ujenzi. Kila mwezi una faili lake, na ndani nimeweka risiti, ankara, mikataba na barua. Juzi mwenye nyumba aliulizia mkataba wa pango, nikapekua mafaili saba. Tena risiti nyingine zimefutika kabisa. Nifanyeje? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Mpangilio wa miezi unazifaa risiti tu, kwa kuwa risiti huitafuti ila kwa tarehe. Mkataba nani atakumbuka ulisainiwa mwezi gani? Kinachokumbukwa ni jina la mliyeandikiana naye. Kabla hujanunua faili jipya hata moja, mwaga mezani karatasi za mwezi mmoja, uzitenge kwa aina, kisha jiulize kila aina utaitafuta kwa lipi.

Mikataba ipange kwa majina. Leseni na vyeti vipange kwa siku ya kuisha, inayokaribia ikae juu; leseni ya biashara huhuishwa kila mwaka, na tarehe iliyofichika ndiyo inayoleta faini. Vyeti halisi usivitoboe kwa pancha, viweke kwenye bahasha ngumu. Barua zipange kama wanavyofanya masijala: jalada moja kwa jambo moja, barua mpya juu, na namba kwenye kona ya juu kulia. Namba ikiruka, unajua kuna karatasi imechomolewa.

Ankara ndizo zinazotaka uangalifu zaidi. Zisizolipwa zipe faili lake, la rangi tofauti. Ukishalipa, andika juu ya ankara tarehe na namba ya malipo, ibane pamoja na hati ya kupokelea mzigo na nakala ya risiti, ndipo ihamie faili la zilizolipwa, chini ya jina la muuzaji. Wengi huihamisha kwanza, wakisema watabana baadaye. Muuzaji akirudi kudai mara ya pili, ushahidi umetawanyika sehemu tatu.

Faili la "Mengineyo" litakushawishi, nawe lichunge. Karatasi tatu za aina moja zikikutana humo, zifungulie jalada lao.

Sasa risiti zilizofutika. Risiti nyingi za mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, hazina wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na maandishi hayo hufifia kwa jua, mafuta ya mikono na mifuko laini ya plastiki. Piga fotokopi wiki ileile, ubane halisi nyuma yake. Usiipeleke kufanyiwa lamination, yaani kufunikwa kwa plastiki ya moto: joto la mashine litaifanya nyeusi yote.

Swali: Nitunze kwa miaka mingapi? *Msomaji huyohuyo*

Jibu: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5 tangu mwisho wa mwaka wa mapato unaohusika. Kama mwaka wako unaishia Desemba, karatasi za 2024 zisiguswe hadi 2029 iishe. Andika "Tunza hadi 31/12/2029" mgongoni mwa faili siku unayolifunga. Lakini mkataba ambao bado una nguvu, au karatasi yenye shauri mahakamani au TRA (Mamlaka ya Mapato), itoe humo kabla hujalitupa faili, hata kama miaka imetimia.