Jibu: Baada ya kutolewa uvimbe kwenye kizazi

Pole sana dada wa Arua. Umeuliza kama wiki 3 zinatosha kurudi shambani, na lini utafute mtoto maadamu kizazi kimebaki.

Wiki 3 bado. Kama ulipasuliwa tumbo, hesabu kama wiki 6, maana ngozi huwahi kufunga huku msuli wa kizazi ukiendelea kupona. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Mwambie mumeo waziwazi kwamba aibebe mtu mwingine. Ila usilale kutwa nzima, tembeatembea uani ili damu isigande miguuni. Ukipata homa, usaha, damu nyingi au mguu mmoja kuvimba, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Hicho kizunguzungu ulichotaja huenda ni upungufu wa damu, ukizingatia hedhi nzito ulizopitia. Waombe wapime. Vidonge vya madini ya chuma usiviache, lakini usivimeze na chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi, kwa kawaida ni hivyo vidonge.

Kuhusu mimba, madaktari wengi hushauri kusubiri miezi 3 hadi 6. Muulize aliyekupasua: je, kisu kilifika ndani kabisa ya kizazi? Aandike jibu kwenye daftari lako la matibabu. Kama kilifika, huenda ukahitaji kujifungua kwa upasuaji, na mkunga wa kituo cha afya lazima ajue mapema, si uchungu ukishaanza.

Na hizo dawa za "kusafisha kizazi" unazouziwa sokoni, nakusihi uziache.