Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Delhi

Mwanangu kipenzi,

Barua yako imefika, na mama yako ameisoma mara mbili kabla ya kunipa. Unauliza kama inafaa uitumie siku yako moja ya mapumziko, baada ya semina ya New Delhi, kwenda Agra kuiona Taj Mahal, lile jengo la kaburi la marumaru, au kama picha zinatosha, kwa kuwa mimi zimenitosha miaka yote hii. Kwanza nikufahamishe kwamba siku uliyoitaja ni Ijumaa, na Ijumaa hawafungulii watalii. Hilo picha hazikuambii.

Nawe unajua picha yangu ilikuwa ipi. Ni ile kalenda ya duka la vitambaa, ya mwaka 1971, iliyochanwa miezi yote ikabaki jengo peke yake juu ya meza mliyofanyia kazi za shule, na ambayo mama yako alitaka kuitupa kila tulipopaka chokaa kabla ya Ramadhani. Siku moja niliazima kioo cha kukuzia cha shuleni, nikakiweka juu ya tao kubwa ili nisome Surat Yasin iliyoandikwa kulizunguka. Kumbe kila nilipokisogeza kioo, herufi ziligeuka vitone vya rangi, vyekundu na vya buluu, wala hapakuwa na aya ya kusoma. Ndipo nilipokwenda maktaba. Huko nilijifunza kwamba herufi za juu zilichorwa kubwa kuliko za chini ili mtu aliyesimama chini azione zote sawa, na kwamba minara yote minne imeinamishwa kidogo kwa nje, ili siku ikianguka isiliangukie kuba. Mtu anaweza kusimama pale mchana kutwa asiyatambue hayo, na ndiyo maana nimewaambieni tangu mkiwa wadogo kwamba kufika si kuona.

Maneno hayo yana asili yake, ingawa sikupata kukusimulia. Mwaka 1979, kwenye harusi ya shangazi yako, alikuwapo bwana mmoja wa upande wa bwana harusi aliyekuwa amerudi kutoka India, naye akawakusanya wazee barazani akiwaeleza habari za Agra. Nilimsikiliza kwa adabu mpaka aliposema kwamba katikati kabisa, chini ya kuba, ndipo lilipo kaburi la mfalme, na la mkewe liko pembeni. Nikasema hapana, bwana, ni kinyume chake: katikati ni Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wake wa 14, naye ndiye aliyejengewa, mumewe, mfalme Shah Jahan, aliwekwa ubavuni mwake baadaye, na kaburi lake ndilo jambo pekee lililovunja ulinganifu wa jengo zima. Tena hayo wanayoonyeshwa wageni ni matupu, wenyewe wamelazwa chumba cha chini. Yule bwana hakubisha hata kidogo. Alinitazama tu, akauliza, “Mwalimu, wewe umefika lini?” Baraza zima likaangua kicheko. Babu yako naye alicheka, tena yeye ndiye aliyecheka sana, akajifuta machozi kwa ncha ya kikoi. Kicheko cha wengine nilikisahau siku ileile.

Nilikuwa na haki, na vitabu vinanishuhudia. Lakini na yule bwana nimpe haki yake, kwa kuwa usiku ule alisema jambo moja ambalo sikulikuta kitabuni: kwamba walivuliwa viatu adhuhuri, na marumaru iliyopigwa na jua ikamchoma nyayo hata akawa anatembea kama kuku. Ndiyo, mwanangu, ule mwendo wa kuku mliokuwa mkinitaka niuigize sebuleni si wangu. Niliuchukua kwake, nikausimulia miaka yote kana kwamba nyayo zilikuwa zangu. Basi huenda aliona kitu. Kaburi hakuliona, hilo sirudi nyuma, lakini nyayo zake zilifika kweli.

Kuhusu hiyo Ijumaa, sikwambii uende wala usiende, maana wewe ni mtu mzima na nauli ni yako. Nakukumbusha tu kwamba mwaka 1658 Aurangzeb alimpindua baba yake, akamfungia ndani ya ngome ya Agra, na Shah Jahan akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1666, akihudumiwa na binti yake Jahanara. Kutoka kwenye roshani ya ngome hiyo jengo huonekana ng'ambo ya kona ya mto Yamuna, umbali wa kilomita 2 na kitu. Aliyelijenga mwenyewe alimaliza miaka yake akilitazama kwa mbali, kama mimi na kalenda yangu, japokuwa mimi sikufungwa na mtu. Ngome haifungwi Ijumaa. Ukipanda treni ya alfajiri utakuwa umerudi Delhi usiku, lakini nimekwisha kusema kwamba sikuamulii.

Mama yako anakusalimu, na anasisitiza uvae viatu vinavyovuliwa kwa urahisi, ingawa nimemweleza mara mbili kwamba Ijumaa hutavivua.

Wako,
Baba