Kuku wa huli huli: sukari ndiyo inayomuunguza

Dada, umesema kuku wako wa huli huli, yule wa kuchoma wa Kihawaii, anaungua ngozi huku ndani bado mbichi. Ni sukari hiyo. Huungua kabla joto halijafika mfupani. Gawa sosi mafungu mawili tangu mwanzo: moja la kuloweka kuku, jingine la kupaka dakika kumi za mwisho tu. Ile iliyogusa kuku mbichi usiipake tena.

Sosi ya kuku mmoja: nusu kikombe cha sosi ya soya, nusu kikombe cha sukari ya kahawia, robo kikombe cha tomato sosi, robo kikombe cha juisi ya nanasi, tangawizi na kitunguu saumu vya kutwanga. Kama unakamua nanasi mwenyewe, chemsha juisi kwanza, la sivyo kimeng'enya chake kitalainisha nyama mpaka ibomoke.

Makaa yasogeze upande mmoja wa jiko, kuku akae upande usio na moto, ufunike, umgeuze mara kwa mara. Kugeuza ndiyo roho ya chakula hiki tangu Ernest Morgado, mfanyabiashara wa kuku, alipokitambulisha Honolulu, Hawaii, mwaka 1955; wachomaji wa huko humbana kuku kati ya nyavu mbili na kupindua zote kwa pamoja.

Mkaa wanaoupenda Hawaii ni wa kiawe, mti ulio ndugu wa damu wa mathenge wetu! Ukipata mkaa wa mathenge kutoka Baringo au Garissa, chukua huo.